Neno "Wadudu" Halitoshi

Katika zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Mara, kuanzia mitaa ya Musoma hadi vijiji vya Bunda na Butiama, kuna kauli ambayo kila mkazi ameisikia: "Nimepimwa, nina malaria wadudu watatu." Jirani atajibu kwamba yeye wiki iliyopita alikutwa na watano. Wa tatu ataongeza kuwa mwanawe hana malaria, ila ana wadudu kwenye mkojo, na mama mkwe wake ana wadudu wa taifodi. Mazungumzo yataendelea kwa kuelewana kabisa, ingawa viumbe waliotajwa hapo wako mbali kinasaba kuliko mwembe ulivyo mbali na ng'ombe.

Hoja ninayoitetea katika makala haya ni fupi. Neno "wadudu" limekwisha kazi yake katika chumba cha daktari, na sisi wahudumu wa afya ndio tunaolidumisha. Mgonjwa anastahili kuambiwa, pamoja na jina la ugonjwa wake, kundi la kiumbe kilichomuuguza: virusi, bakteria, fangasi, protozoa au minyoo. Hatumwambii hayo ili tumgeuze mwanafunzi wa baiolojia. Tunamwambia kwa sababu dawa hufuata kundi, na asiyejua kundi hana namna ya kujua kwamba kidonge alichokinunua dukani hakina uhusiano wowote na kinachomsumbua.

Nianze na hao "watatu". Mtaalamu wa maabara anapotazama damu kwa hadubini, huhesabu vimelea vya malaria anavyoviona mpaka atimize chembe nyeupe 200 za damu, kisha huandika idadi. Akiandika 3, maana yake ni vimelea vitatu kwa kila chembe nyeupe 200. Tukichukua makadirio ya kawaida ya chembe nyeupe 8,000 katika mikrolita moja ya damu, hapo pana vimelea 120 katika kitone kisichozidi ncha ya sindano. Mtu mzima ana lita zipatazo tano za damu. Kwa hesabu hiyo, mgonjwa wetu wa "wadudu watatu" amebeba takribani vimelea milioni mia sita. Anarudi nyumbani akijiona ana nafuu kuliko jirani mwenye watano, na akipata ahueni siku ya pili huacha dawa mseto akiamini kuwa hao watatu wamekwisha kufa. Namba ilikuwa sahihi. Neno lililoisindikiza ndilo lililomdanganya.

Asili ya neno hili ni ya heshima zaidi kuliko tunavyodhani. Mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, alipoiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1676 kueleza alichokiona ndani ya maji kwa kioo alichokichonga mwenyewe, aliviita viumbe hivyo "wanyama wadogo". Hapo ndipo lilipo neno letu "vijidudu": tumekaa na Leeuwenhoek karne ya 17. Karibu miaka mia moja baadaye Linnaeus, bingwa wa kupanga mimea na wanyama, alivikuta viumbe hivyo havipangiki, akavirundika pamoja chini ya jina Chaos, yaani vurugu. Kwa mtu wa zama zake halikuwa kosa, maana hakuwa na dawa yoyote ya kuchagua. Sisi tunazo dawa rafu nzima, na bado tunampa mgonjwa mpangilio wa Linnaeus.

Tofauti zenyewe si ngumu kueleza. Bakteria ni seli moja isiyo na kiini, na wengi wao wamezungukwa na ukuta mgumu ambao seli ya mwanadamu haina. Penisilini na amoksisilini hubomoa ukuta huo, na ndiyo maana humwua bakteria bila kumdhuru mwenye mwili. Kirusi hakina ukuta, hakina hata mtambo wake wa kutengenezea protini. Ni kifurushi cha maelekezo ya urithi kinachoingia ndani ya seli yetu na kuigeuza karakana. Amoksisilini haina cha kubomoa hapo. Fangasi, kama wale wa mapunye vichwani mwa watoto, na protozoa, kama wa malaria na malale, wana seli zenye kiini zinazokaribiana na zetu, jambo linalofanya dawa zao kuwa chache na za kipekee. Minyoo ni wanyama kamili, wengine wanaonekana kwa macho. Tunawaweka katika somo hili kwa sababu mayai yao huhitaji hadubini.

Mpaka kati ya makundi una matundu yake, na mhudumu mwenzangu atanikumbusha. Metronidazoli huua amiba, ambaye ni protozoa, na huua pia bakteria wasiohitaji oksijeni. Bakteria wa kifua kikuu amejifunika nta hata haipokei vizuri rangi ya Gram, ile iliyobuniwa mwaka 1884 na ambayo hadi leo huwagawa bakteria kuwa wa zambarau na wa waridi. Naye huhitaji dawa zake mwenyewe kwa miezi kadhaa. Kipindupindu huletwa na bakteria, lakini kinachomwokoa mgonjwa kwanza ni maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, na antibayotiki hufuata nyuma kwa wagonjwa waliozidiwa. Mikoa ya Kanda ya Ziwa ililijua hilo kwa uchungu katika mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa karibu nchi nzima. Kwa hiyo sisemi kwamba jina la kundi linatosha. Nasema kwamba bila hilo mengine yote hayaanzi.

Anayedhani haya ni maneno ya darasani atazame historia ya ziwa letu wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliangamiza watu katika Busoga na visiwa vya kaskazini mwa Ziwa Viktoria. Waliokufa hukadiriwa kuzidi laki mbili. Mwaka 1902 Jumuiya ya Kifalme ileile ya London ilituma wataalamu watatu Entebbe: Low, Castellani na Christy. Walifika na dhana ya mwalimu wao Patrick Manson kwamba mhusika ni mnyoo, aina ya filaria anayeishi kwenye damu. Walichora mahali mnyoo alipo na mahali ugonjwa ulipo, na ramani mbili hazikulingana: palikuwa na nchi zenye filaria tele bila malale. Mnyoo akaachiliwa. Castellani, kijana wa Kiitalia aliyefunzwa bakteriolojia, aliwakuta streptokoka katika miili ya waliokufa, akatangaza kuwa ni bakteria. Kisha, alipokuwa akichunguza maji ya uti wa mgongo, akaona kitu kinachojinyonganyonga ambacho hakikuwa bakteria wala mnyoo: tripanosoma, yaani protozoa. Mwaka 1903 David Bruce, ambaye miaka ya nyuma alikuwa amemwona ndugu wa tripanosoma huyo katika ng'ombe wenye nagana huko Zululand, alifika Entebbe na kuonyesha kwamba anayemsambaza ni mbung'o.

Mnyoo, bakteria, protozoa: makundi matatu, ugonjwa mmoja, ndani ya takribani mwaka mmoja. Tafakari kila jibu lingeamuru nini. Kama ni mnyoo wa filaria, tungemfuata mbu au inzi mwingine. Kama ni streptokoka, tungewatenga wagonjwa na kusafisha vidonda. Kwa kuwa ni protozoa wa mbung'o, ilibidi kufyeka vichaka vya ufukweni na, kwa ukatili uliokumbukwa vizazi kadhaa, kuwahamisha watu wa visiwani. Jina la kundi liliamua nani ahame nyumba yake.

Wala kulijua kundi hakukuleta tiba njema papo hapo. Robert Koch, ambaye mwaka 1905 alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel, alikuja mwaka 1906 kupitia Mwanza na kuweka kambi katika visiwa vya Sese. Alijua anamtafuta protozoa, akatumia atoksili, dawa yenye arseniki. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya muda. Wengine walipofuka moja kwa moja. Nalitaja hili kwa sababu makala za aina hii hupenda kuwasimulia mabingwa wa kale kana kwamba hawakuwa na wagonjwa mbele yao.

Malale hayajahama kabisa. Aina ya mashariki, ambayo hujificha katika wanyamapori na ng'ombe, ipo katika ikolojia ya Serengeti. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua baada ya kutembelea hifadhi zetu za kaskazini. Bunda inapakana na Serengeti. Mchungaji wa huko akija na homa, kidonda kilichotokana na kuumwa na mbung'o na kipimo cha malaria kisichoonyesha kitu, mhudumu anayewaza "wadudu" atamwandikia antibayotiki. Mhudumu anayewaza makundi ataomba damu itazamwe tena kwa hadubini, safari hii akimtafuta protozoa mwingine.

Mkoa wa Mara, kwa bahati mbaya au nzuri, ni darasa kamili la somo hili. Mvuvi wa mialo ya Musoma huingia majini kila siku mahali penye konokono wanaobeba kichocho cha tumbo. Anapata maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, pengine damu kidogo kwenye choo. Mwaka wa kwanza anaambiwa ni amiba, wa pili taifodi, wa tatu vidonda vya tumbo. Kila mara "wadudu" wamepatiwa dawa. Mnyoo aliyemo kwenye mishipa ya damu ya utumbo hajaguswa na hata kimoja cha vidonge hivyo. Anaendelea kutaga mayai, mayai yanakwama kwenye ini, ini linafanya makovu, na siku moja mtu huyo anatapika damu. Dawa yake ni prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito, mara nyingi kwa siku moja tu, na watoto wetu huigawiwa shuleni. Baba anaumwa miaka mitano kwa kukosa dawa ambayo mwanawe aliimeza darasani.

Kwa mfugaji wa Butiama au Bunda mambo huwa kinyume. Homa inayopanda na kushuka kwa majuma, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo: hiyo inaweza kuwa brusela, bakteria wa ng'ombe wanaotupa mimba, aliyekuja na maziwa mabichi. Hapa antibayotiki inahitajika kweli, lakini mbili kwa pamoja na kwa wiki sita, si vidonge kumi vya kuonjaonja. Kimeta nacho ni bakteria. Hukaa ardhini akiwa katika hali ya mbegu kwa miaka mingi, na nyama ya kibudu haitakasiki kwa kuchemshwa kidogo.

Je, tunakosea kiasi gani tunapokisia? Tanzania ina majibu mazuri kuliko nchi nyingi. Watafiti waliwachunguza watoto 1,005 waliofika na homa katika huduma za wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014: asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi, asilimia 22 wa bakteria na asilimia 10.9 wa vimelea kama malaria. Jumla inazidi mia kwa kuwa wengine walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Moshi, katika utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, uliochapishwa mwaka 2013, madaktari waliwaandikia malaria asilimia 60.7, waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Waliobaki walikuwa na brusela, leptospira, riketsia, homa ya chikungunya, bakteria kwenye damu na mengineyo.

Mara si Moshi. Kwetu malaria ni nyingi, na yeyote atakayesoma takwimu hizi kisha akapuuza kipimo cha malaria cha mtoto wa Musoma atakuwa ameua. Lakini kipimo kikitoka bila malaria, jambo linalotokea kila siku, homa ile haigeuki kuwa taifodi kwa kukosa jina. Kipimo cha Widal, ambacho wagonjwa wetu hukiomba kwa jina, hakimtafuti bakteria wa taifodi; hutafuta kingamwili, yaani alama zilizoachwa na mwili uliowahi kupambana, pengine mwaka jana, pengine na bakteria mwingine. Majibu yake peke yake ni msingi mbovu wa kumnywesha mtu siprofloksasini.

Hasara ya kukisia haiishii kwa mgonjwa mmoja. Kila antibayotiki inayomezwa kwa ajili ya mafua ya virusi hukutana na bakteria wasio na hatia waliomo tumboni na kooni. Walio dhaifu hufa, walio sugu huzaana. Ndipo mwanamke anayekuja na maambukizi halisi ya njia ya mkojo huambiwa ana "UTI sugu", kana kwamba usugu ni wa ugonjwa au wa mwili wake. Usugu ni wa bakteria, na tulimfundisha sisi. Serikali ilitoa mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu huu mwaka 2017. Mpango huo hauwezi kushinda ikiwa katika duka la dawa muhimu muuzaji na mnunuzi wote wawili wanaamini kwamba dawa za rangi mbili zinaua wadudu wa aina zote.

Nimesikia pingamizi mara nyingi: wagonjwa wetu hawataelewa, na foleni ni ndefu. La kwanza silikubali hata kidogo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hili. Tangu hapo tumesema "virusi" redioni, kanisani, msikitini na shuleni, na leo bibi asiyejua kusoma anakueleza bila kusita kwamba VVU havifi kwa sindano ya penisilini, kwamba vina dawa zake za kuvifubaza, na kwamba dawa hizo hazikatizwi. Hilo ni somo gumu la mikrobiolojia, na taifa zima limelifaulu kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilifanya kazi nzuri: kikaipokea virusi katika ngeli yake kama vile kitu na vitu, kikapata kirusi kimoja na virusi vingi, jambo ambalo Kilatini hakikuwahi kulifikiria.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, katika utawala wa Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Walijifunza juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakachimba vyoo. Protozoa, minyoo na bakteria walikuwa wote katika orodha ile, na wanavikundi wengi walikuwa wameanza kusoma na kuandika ukubwani. Wazazi wetu hawakuonekana kuwa wazito wa kuelewa.

Pingamizi la pili, la foleni, lina uzito, na nalijibu kwa saa mkononi. "Mama, mtoto hana malaria. Masikio, koo na mapafu yake nimeyaangalia, hana dalili ya bakteria. Haya ni mafua ya virusi. Dawa ya bakteria haitamsaidia. Mnyonyeshe zaidi, mpe ya homa hii kwa kipimo nilichoandika." Jaribu kuyasema kwa sauti, hayafiki nusu dakika. Mama aliyenyimwa antibayotiki bila maneno hayo huondoka akidhani amenyimwa huduma, na atasimama katika duka la kwanza barabarani.

Lipo pingamizi la tatu ambalo husemwa kwa sauti ya chini: mara nyingi mhudumu mwenyewe halijui kundi. Zahanati ina vipimo vya haraka vya malaria na VVU, na pengine kaswende. Kuotesha bakteria ni kazi ya maabara kubwa, na kwa wengi wetu hilo humaanisha sampuli kusafiri hadi Bugando, Mwanza. Basi tuseme hivyo. "Sijajua bado ni nini" ni jibu la kitabibu, na ni bora kuliko jina la uongo lenye dawa ya kweli. Ningependa cheti cha mgonjwa kiwe na mstari mmoja zaidi chini ya jina la ugonjwa, wenye neno "Kundi" na nafasi ya kuandika, na mhudumu asiyejua aandike "haijajulikana" kwa mkono wake. Mstari huo haugharimu kitu, na utamfanya asite kabla ya kuandika dawa inayofuata.

Nawe msomaji uliye mgonjwa au mlezi wa mgonjwa, unaweza kuanza kabla ya vyeti kubadilishwa. Ukishapewa majibu, uliza kwa adabu: "Daktari, hiki ni kirusi, bakteria, fangasi, protozoa au minyoo? Na dawa hii inaua kipi?" Ukijibiwa kwamba bado haijulikani, uliza urudi lini, na dalili zipi zikurudishe mapema. Kwa mtoto mdogo dalili hizo ni kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kutoamka vizuri, na kupumua kwa haraka au kwa shida. Akionyesha hata mojawapo, usisubiri tarehe uliyopangiwa. Mrudishe siku hiyohiyo, iwe mchana au usiku, ukiwa na cheti na dawa zote alizokwisha kumeza.